Umeongezwa Kwenye Kundi la Mchango. Sasa?

Simu inalia mara moja, mara mbili, halafu haiachi. Unatazama, unakuta umeongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Jina lake lina neno "mazishi", au "harusi", au "bili ya hospitali". Kabla hujajua vizuri ni nani amefiwa, watu 60 wameshaingia, kumi wameandika "poleni sana", na mweka hazina ameshaweka nambari ya kutumia pesa. Kama uko Kenya na una simu ya kisasa, hatuna haja ya kukueleza zaidi. Yamekupata.

Kazi yetu sisi ni pesa kwa simu, na mara nyingi hapa tunafundisha mambo ya PIN, salio, na namna ya kurudishiwa pesa ukikosea nambari. Lakini maswali mengi tunayoletewa na wateja siku hizi hayaanzii kwa pesa. Yanaanzia kwa ujumbe. "Binamu yangu aliniandikia." "Admini aliweka nambari mpya." "Nilituma lakini jina langu halipo kwa orodha." Pesa ilifuata tu njia ambayo ujumbe ulikuwa umeshaifungua. Kwa hivyo leo tuuzungumzie ujumbe wenyewe: unavyowaleta watu karibu, unavyowaacha wengine nje, na mahali ambapo pesa zako zinaweza kupotelea katikati.

Kutoka kadi ya harambee

Harambee haikuanza na simu. Wale wa umri fulani wanaikumbuka kadi ya mchango: unapewa, unaizungusha kazini na kwa majirani, kila mmoja anaandika jina na kiasi, na siku ya shughuli kadi na pesa zinarudi pamoja mbele ya watu. Aliyekuomba ulimjua kwa uso. Aliyepokea pesa ndiye huyo huyo aliyeshika kadi. Kama hazikufika, ulijua mlango wa kugonga.

Simu zikaja, tukaanza kuflashiana. Flashi moja maana yake nimefika salama, flashi mbili maana yake nipigie, sina kredo. SMS ikawa ya habari fupi na ya kulipwa kwa kila ujumbe, kwa hivyo tulijifunza kubana maneno hadi "u" ikawa neno kamili. Machi 2007 M-Pesa ikaanza, na mtu wa Nairobi aliweza kutuma pesa nyumbani bila kumtafuta kondakta mwaminifu wa basi. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009. Mwaka 2016 kundi moja lilikuwa na nafasi ya watu 256, na kufikia mwisho wa 2022 nafasi zikawa 1,024. Hapo unaweza kuingiza ukoo mzima, wakwe, darasa lenu la Form Four na majirani wa ploti, na bado ukabakiwa na nafasi.

Pesa na maneno vilipokutana kwenye mkono mmoja, harambee ilibadilika umbo. Msiba ukitokea Bungoma saa mbili usiku, kufikia saa nne watoto wa marehemu walioko Mombasa, Eldoret na Boston wameshakubaliana nani atalipia mochari na nani atatafuta hema. Zamani hilo lilichukua siku tatu na nauli. Lakini kumbuka kilichotengana pia. Anayeomba, anayepokea na wanaotazama hawako tena mahali pamoja. Anayeomba ni jina kwenye skrini. Anayepokea ni nambari. Wanaotazama ni watu 200 ambao labda nusu yao hamjawahi kuonana.

Orodha inayokua

Ukiwa kwenye makundi haya unaijua orodha. Mweka hazina anaandika: 1, jina, 2,000. 2, jina, 500. Halafu anayefuata ananakili yote, anaongeza jina lake, anairudisha. Au mweka hazina mwenyewe anaisasisha kila jioni, na kila mtu anateremka haraka kutafuta jina lake. Hakuna aliyebuni mtindo huu ofisini. Watu waliutengeneza wenyewe, na unafanya kazi kwa sababu unaleta uwazi. Kila mtu anaona jumla, kila mtu anaweza kuuliza, na mweka hazina akichelewa kusasisha ataulizwa na shangazi mbele ya wote.

Uwazi huo huo una uzito. Mtu aliyetoa 200 anajiona mdogo chini ya aliyetoa 20,000, ingawa ile 200 huenda ndiyo iliyokuwa ya unga. Mwingine hatoi kabisa kwa aibu ya kuonekana ametoa kidogo. Tunavyoona sisi, makundi mengine yamepata njia nzuri: mweka hazina anaandika majina peke yake pamoja na jumla ya siku, na kiasi cha kila mmoja kinabaki kwa daftari lake na kwa taarifa ya akaunti. Anayetaka kuhakikisha pesa yake anamwandikia faraghani. Jaribuni. Mara nyingi watu wanaotoa huongezeka, kwa sababu hata mwenye hamsini anaona anaweza kuingia.

Kuna jambo moja hapa tunaliona kila wiki na linatukera kidogo. Mtu anatuma mchango, halafu anachukua ule ujumbe wa uthibitisho wote na kuubandika kwenye kundi kama ushahidi. Usome vizuri huo ujumbe kabla ya kuubandika. Mara nyingi una jina kamili la uliyemtumia, nambari yake, saa, na mwishoni salio lako jipya. Umetoa 1,000 na sasa watu 200 wanajua umebakiwa na 46,300. Wengine watafurahi kwa niaba yako. Mmoja atakupigia simu kesho akiwa na shida. Na kama kuna mgeni mbaya ndani ya kundi, umemwonyesha mlango wa kuanzia. Namba ya muamala na kiasi vinatosha. Salio lifute.

Kwa upande wa mweka hazina, skrinshoti si pesa. Picha hutengenezwa, na ujumbe wa "umepokea" unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kidole gumba na muda. Ukiona ujumbe wa kupokea pesa, angalia salio au taarifa ya akaunti yako kabla ya kuandika jina kwenye orodha. Ukishaandika jina, kulifuta mbele ya watu ni vita.

Kila watu na njia yao

Tukisema "WhatsApp inaunganisha watu" tunakuwa tumesema kidogo sana. Inawaunganisha kwa namna tofauti, na ulinzi wa pesa lazima ufuate namna hiyo. Ushauri ambao kila kampuni hutoa, sisi tukiwemo, ni huu: "Kabla ya kutuma, mpigie aliyeomba." Ni ushauri mzuri. Ila tazama unavyogonga mwamba ukifika kwa watu halisi.

Wazee kwanza. Nyanya nyingi hazikuwahi kupenda kuandika ujumbe. Miwani haionekani, herufi ni ndogo, na Kiswahili cha simu ni cha vijana. Sauti zilizorekodiwa ziliingia WhatsApp mwaka 2013, na hapo wazee walipata mlango wao. Cucu anabonyeza, anaongea Kikuyu dakika tatu nzima, anaanza na salamu za mbuzi na kumaliza na baraka, halafu katikati, ukisikiliza vizuri, kuna dawa ya presha iliyoisha. Kwa mtu asiyesoma vizuri, au anayesoma lakini moyo wake uko kwenye lugha ya mama, sauti imerudisha mazungumzo ambayo SMS ilikuwa imeyakata. Familia nyingi sasa zinawasikia wazee wao mara kwa mara kuliko wakati wa simu za kupiga peke yake.

Udhaifu wake ni kwamba mzee huamini anachosikia na anachotumiwa na mtu anayemjua. Ile picha ya mtoto mgonjwa na nambari ya kusaidia, iliyopita kanisani, kwenye chama, kwa mjukuu, ikafika kwake, anaiona imetoka kwa mjukuu. WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na tangu 2019 mtu anaweza kuusambaza kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja. Uliosambazwa sana hupata mishale miwili, na tangu 2020 huo huenda kwa zungumzo moja moja. Waonyeshe wazee hiyo mishale. Waambie: ikiwa na mishale, si mjukuu aliyeandika, mjukuu amepitisha tu. Na mara nyingi picha ni ya kweli, ya mtoto wa kweli aliyeugua miaka mitano iliyopita. Kilichobadilishwa ni nambari ya simu chini yake.

Kumbuka pia wengi hununua bando ya WhatsApp peke yake kwa sababu ni nafuu. Ukiwaambia "fungua tovuti ya hospitali uhakikishe," tovuti haifunguki. Dunia yao yote ya mtandao siku hiyo ni hilo kundi.

Halafu kuna viziwi. Hawa tunawataja kwa kirefu kwa sababu katika mafunzo kama haya husahaulika. Kwa kiziwi, simu ya kupiga haikuwa na maana kubwa. SMS ndiyo iliyomfanya aweze kumiliki simu kama mtu mwingine. Pesa kwa simu nazo zikamfaa mapema, kwa sababu kila kitu kimeandikwa: kiasi, jina, salio. Hahitaji kubishana na wakala kwa kuonyesha vidole. Kisha simu za video zikaja, na Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, ikapita hewani kwa mara ya kwanza kutoka nyumba moja hadi nyingine. Rafiki wawili, mmoja Kisumu mwingine Machakos, wanaongea lugha yao wenyewe wakitazamana. Wanaosikia tumezoea kuona simu ya video kama anasa ya wapenzi. Kwao hiyo ndiyo simu.

Sasa mwambie mtu huyu "piga simu uhakikishe". Hawezi. Na matapeli wanajua. Kwa hivyo kwa makundi ya viziwi, sheria iwe: hakuna pesa bila video, hata ya sekunde kumi. Uso na mikono ya mwenyewe. Anayekataa video akisema kamera imeharibika, pesa zingoje. Na kama wewe unasikia na una ndugu kiziwi, usikasirike akikupigia video saa ya kazi ulipomwomba hela kwa maandishi. Anafanya kile kile unachofanya wewe unapopiga simu.

Walio nje ya nchi wana kikwazo kingine. Mwaka 2024 Wakenya walioko ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Nyuma ya kila muamala kuna mazungumzo: picha ya nyumba inayojengwa, picha ya ripoti ya shule, sauti ya mama. Kundi la familia ndilo linalomfanya mtu aliyeko mbali abaki kuwa wa nyumbani. Anajua ng'ombe amezaa kabla ya jirani. Lakini kundi hilo pia linaweza kumgeuza kuwa wakala asiyefunga duka. Wengi wanakiri kwamba kila ujumbe unaoanza na "habari ya huko" wanaufungua wakiwa wamejikunja.

Kikwazo chenyewe ni hiki: kuna nchi ambako ujumbe unapita lakini simu za WhatsApp hazipiti. Falme za Kiarabu ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimefungwa huko, na watu hutumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM. Kwa hivyo dada yako aliyeko Dubai akipata ujumbe kutoka kwa "wewe" ukiomba pesa za dharura, hawezi tu kugusa alama ya simu juu ya skrini aongee nawe. Akipiga laini ya kawaida ya kimataifa, atalipa. Na akiwa anafanya kazi ya nyumba kwa mtu, hata saa ya kupiga huenda si yake. Familia zenye mtu huko zikubaliane mapema juu ya swali moja ambalo jibu lake halimo kwenye Facebook: jina la ng'ombe wa kwanza, aliyevunja dirisha la chumba cha guka, kitu kama hicho. Swali liulizwe kila mara pesa zinapoombwa kwa maandishi, hata kama inaonekana ni utoto. Liulizwe pande zote mbili.

Vijana wa chuo, kwa upande wao, hawahitaji somo la mishale. Wao wanaombana pesa kama wanavyotaniana, na ndiyo maana tuna msemo wetu wa "kula fare": umetumiwa nauli uje, na hukuja. Hapo hakuna utapeli wa mtandao, kuna utapeli wa moyo, na huduma kwa wateja haiwezi kukurudishia. Tusonge.

Waendesha bodaboda wa steji moja wanaweza kukusanya pesa za mwenzao aliyeanguka kabla hajafika hospitali. Kasi hiyo ni nzuri na ndiyo hatari yake: hakuna anayetaka kuwa yule aliyeuliza maswali wakati mwenzao anavuja damu. Dawa ni ya mapema. Steji iwe na nambari moja ya dharura inayojulikana na wote, iliyoandikwa hata ukutani, na pesa ziende huko tu, haijalishi nani ameandika nini kwenye kundi.

Mwenye kabambe

Na sasa yule ambaye hayuko kwenye kundi lolote. Ana kabambe, ile ya tochi, betri inakaa siku nne, hana shida na mtu. Anapokea pesa, anatuma pesa, salio anaangalia mwenyewe. Kwa pesa kwa simu yeye ni mteja kamili, hatofautiani na mwenye simu ya laki moja. Kwa kundi la WhatsApp yeye hayupo duniani.

Hili huleta uchungu ambao watu wa mjini hawauoni. Kaka mkubwa wa marehemu, ndiye mwenye neno la mwisho kwa mila, anasikia tarehe ya mazishi kutoka kwa mtu wa posho mill. Mchango umeshafungwa, bajeti imeshapitishwa, na jina lake halipo kwenye orodha, kana kwamba alikataa. Hakukataa. Hakuna aliyemwambia. Tumesikia kwa wateja habari za wazee waliokataa kuketi na familia kwa sababu hiyo, na hatuwezi kuwalaumu.

Kundi lolote la mchango lianze na swali: nani wetu hayumo humu? Majina yakishatajwa, mtu mmoja apewe kazi ya kuwapigia, kwa simu ya kawaida, kila jambo linapoamuliwa, na kuwaandikia SMS yenye nambari ya mchango. Akituma mwenye kabambe, jina lake liingie kwenye orodha kama la mwingine yeyote, na huyo aliyepewa kazi ampigie kumwambia limeingia. Gharama yake ni kredo ya shilingi chache. Mwenye kabambe naye asaidiwe kwa njia moja zaidi: asimpe mjukuu PIN yake ili "amtumie kwa niaba yake". Akae naye, abonyeze mwenyewe, hata ikichukua dakika kumi.

Pale anayeandika si mwenye simu

Utapeli unaotusumbua zaidi kwa sasa hautumii mtu mgeni. Unatumia jina la rafiki yako. Hivi ndivyo unavyofanyika, na tafadhali usome polepole.

Mtu unayemjua, labda wa kundi la chama, anakuandikia: "Samahani mpendwa, nimekutumia kwa makosa nambari ya tarakimu 6 kwa SMS, naomba unirudishie haraka." Unaangalia, kweli kuna SMS yenye tarakimu sita. Unamtumia. Ile nambari haikuja kwako kwa makosa. Ni nambari ya kusajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine, na rafiki yako anayekuandikia alishanyang'anywa yake jana kwa njia hiyo hiyo. Ukishaituma, WhatsApp yako inafungika kwako na kufunguka kwa tapeli. Haoni mazungumzo yako ya zamani yaliyokuwa kwenye simu yako, lakini anaingia kwenye makundi yako yote kwa jina lako na picha yako, na anaanza: "Wapendwa, nimekwama, naomba 5,000, narudisha jioni."

Watu watatuma, kwa sababu wanakupenda. Ndiyo maana utapeli huu unauma kuliko mwingine: unakula sifa njema uliyoijenga miaka 20 kwenye chama.

Kinga yake inachukua dakika mbili. Ndani ya WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN ya tarakimu sita unayoichagua wewe. Isiwe sawa na PIN yako ya pesa, tafadhali. Ukishaiweka, hata tapeli akipata ile SMS bado atakwama. Na tarakimu zozote zinazokuja kwa SMS bila wewe kuziomba hazirudishwi kwa mtu, awe rafiki, awe askofu, awe mtu anayesema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuulizi PIN wala nambari za SMS, asubuhi wala usiku.

Ukishanyang'anywa, sajili WhatsApp upya kwa nambari yako mara moja. Utatumiwa SMS mpya yenye tarakimu sita. Ukiziingiza, tapeli anatolewa papo hapo. Ikiwa ameshaweka PIN yake ya hatua mbili, utangoja siku 7 kabla ya kuingia tena, lakini naye hatakuwemo. Wakati huo, mpigie admini wa kila kundi akutoe na awatangazie wengine, na umwombe mmoja wa familia awapigie wenye kabambe pia, kwa sababu tapeli hutuma SMS. Aliyeshatuma pesa atupigie huduma kwa wateja bila kuchelewa, kwa nambari rasmi zilizo kwenye programu yetu, si ile iliyobandikwa kwenye kundi. Pesa zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala kuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa, nafasi inakuwa ndogo sana, na hatutakudanganya kwamba ni kubwa. Kisha piga ripoti polisi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta na mtandao ya mwaka 2018.

Kuna kinga nyingine ndogo ambayo watu huipita mbio. Kabla hujathibitisha muamala, jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini, lisome. Rafiki yako anaitwa jina moja, pesa zinaenda kwa jina lingine. "Ni simu ya jirani" ndilo jibu ambalo tapeli amelitayarisha. Sema sawa, halafu tuma kwa nambari unayoijua wewe.

Chama hakikai ndani ya kundi

Neno kwa vyama, maana nyinyi mko ndani ya WhatsApp kila siku na si wakati wa msiba tu. Kundi ni zuri kwa kukumbushana, kwa kupigana jeki mmoja akichelewa, kwa picha za mradi wa kuku. Kwa kumbukumbu ni baya. Ujumbe hufutwa, simu hupotea, na mtu akiwasha mpangilio wa ujumbe unaotoweka, makubaliano ya mkutano yanayeyuka yenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima kwa takriban saa sita dunia nzima. Chama ambacho zamu, madeni na riba vyote viko kwenye kundi, jioni ile hakikuwa na chochote cha kusoma. Daftari la katibu lilikuwa palepale.

Pesa nazo ziende kwenye akaunti ya chama au Paybill, si kwenye laini ya mwekahazina ambayo pia ananunulia sukari. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, siku akiugua hakuna atakayejua zipi zake na zipi zenu. Na nambari ikibadilika, isibadilishwe kwa ujumbe. Mwenyekiti na katibu waitangaze wote wawili, kwa sauti zao, kwenye mkutano au kwa simu.

Kundi la mazishi au harusi likimaliza kazi yake, lifungeni. Mweka hazina aweke hesabu ya mwisho: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki na zilikokwenda. Apewe siku mbili za maswali. Halafu admini awatoe watu na kulifuta. Makundi yaliyoachwa wazi yana nambari za simu za watu 200 na majina yao, na viungo vya kujiungia ambavyo bado vinazunguka. Ukiona wewe umebaki ndani ya kundi la msiba wa mwaka juzi ambamo sasa kunauzwa viatu, toka. Tangu 2022, ukitoka ni admini tu wanaoarifiwa. Na kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya makundi, chagua kwamba walio kwenye kitabu chako cha simu peke yao ndio wanaoweza kukuongeza. Wengine watakutumia mwaliko, na utaamua mwenyewe kama unaingia.